Dira Iliyolala na Sumaku

Kiilu alikuwa na dini mbili, na mkewe Mwelu alizijua zote mbili vizuri. Ya kwanza ilimpeleka kanisani pale Mugutha kila Jumapili, akiwa amevaa koti na viatu vilivyopigwa rangi. Ya pili ilining'inia kifuani mwake kwa kamba nyeusi, nayo ilikuwa dira. Wanaume wenzake wikendi walitazama mpira na kubishana mpaka mate yakauke. Yeye, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha vyakula huko Eneo la Viwanda Thika, alikusanya vijana wa kanisa na wafanyakazi wenzake akawapeleka kupanda milima. Tena si milima yenye njia na vibao. Kiilu alianza kufurahi pale njia ilipokwisha.

Safari zake zilikuwa na sheria, na ole wako uzichezee. Kabla ya kuingia msituni kila mtu alizima simu yake, simu zote zikafungwa kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko ukaingia ndani ya begi lake. "Simu ni ya kupiga picha," alikuwa akisema. "Kutoka hapa tuko na dira." Vijana walinung'unika, wakatii.

Mwelu ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Siku za mwanzo za ndoa yao alisimamishwa uani, karibu na tangi la maji, akashikishwa dira kifuani na kufundishwa somo la ng'ombe mwekundu. Ng'ombe ni ile ncha nyekundu ya sindano, inayoangalia kaskazini siku zote. Zizi ni mshale uliochorwa chini ya sindano. Unageuza duara lenye namba mpaka lionyeshe unakotaka kwenda, halafu unajigeuza mwili mzima, polepole, hadi ng'ombe aingie zizini. Akishaingia, unafuata pua ya dira na huulizi swali. Majirani walichungulia juu ya ua wakidhani mama huyu anafundishwa kucheza ngoma.

Kulikuwa na somo la pili, na hilo alilifundisha bila mzaha. Miaka ya nyuma, akiwa mlimani Kilimambogo, ukungu ulimfunika, akasikia honi ya lori. Akaifuata. Honi ilimpeleka kwenye korongo, akavunjika mkono, na waliomtafuta walimkuta siku iliyofuata upande ambao hakuna barabara wala lori. Sauti ilikuwa imegonga jabali ikarudi. Tangu siku hiyo aliwaambia wote waliomfuata, "Kwa ukungu masikio hudanganya. Macho hudanganya. Na moyo ndio muongo kabisa. Moyo ukisema huku na dira iseme kule, nyamazisha moyo." Mwelu alilisikia somo hilo mara nyingi mpaka akawa analitamka pamoja naye, akimwiga sauti, na wote wawili wakicheka.

Sasa dira yenyewe ilikuwa imezeeka. Kioo kilikuwa na ufa, na ndani kulikuwa na povu la hewa lililokuwa likihangaika huku na huku. Mwelu akaamua kumnunulia mpya, na asimwambie. Alimshirikisha jirani yake Magdalene peke yake, naye Magdalene kwa kushika siri alijitahidi sana siku hiyo.

Shida ilikuwa mahali pa kuificha. Kiilu alikuwa mtu wa kutafuta kijiko akapindua nyumba nzima. Palikuwa na sehemu moja tu ambayo hakuigusa kamwe, nayo ni mkebe wa biskuti ambao biskuti zake ziliisha zamani, ambamo Mwelu aliweka vitu vyake vya kushona. Alishawahi kudungwa sindano humo, akaapa kutotia mkono tena. Basi dira mpya ikaingia humo, ikasukumwa ubavu kati ya vibunda vya nyuzi, mkasi na sumaku.

Sumaku hiyo ina sababu yake. Mwelu alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo Thika, na huko sindano ya cherehani ikivunjika, kazi husimama. Hakuna kipande kinachoruhusiwa kubaki kwenye nguo. Unapitisha sumaku kwenye kitambaa, kwenye meza, sakafuni, mpaka vipande vyote vipatikane na viungane kuwa sindano nzima mbele ya msimamizi. Ukishafanya kazi hiyo miaka, huwezi kushona nyumbani bila sumaku pembeni, unahisi mtu atakuja kukalia ncha. Ya Mwelu ilitoka kwenye spika iliyokufa. Ilikuwa nyeusi, mviringo, nzito, na iling'ang'ania mkebe mpaka uivute kwa mikono miwili. Dira ililala nayo majuma kadhaa, imebanwa wima, haina nafasi ya kutikisika.

Ijumaa jioni Mwelu aliitoa akampa. Kiilu aliishika kwenye kiganja akaigeuzageuza, kisha akaiweka mezani kando ya ile kuukuu. Ng'ombe mmoja aliangalia mlangoni. Mwingine aliangalia jikoni.

"Cheki hizi," Kiilu alisema akicheka. "Moja inaenda Thika, ingine inaenda Nairobi."

"Imeharibika?"

"Zii, ni hii nyumba. Vyuma kwa dirisha, mabati juu, gesi hapo. Dira haipendi chuma. Kesho nitaijaribu nje."

Akamshika mkewe begani, akamwambia kwamba hajawahi kupewa kitu kama hicho na mtu yeyote. Mwelu alienda kulala akijisikia mke wa maana sana. Alfajiri kulikuwa na giza na manyunyu. Ndambuki, rafiki yao mwenye gari, alikuwa ameshafika na Lynn wa kwaya na Gachau wa kiwandani ndani. Kiilu alijivika dira mpya shingoni, akaipiga busu mbele ya wote ili kumwaibisha Mwelu, akaondoka bila kukumbuka kuijaribu.

Walikuwa wanaenda msitu wa Kimakia, juu kule ambako mashamba ya majani chai yanaishia na mianzi inaanzia. Mpango ulikuwa kupanda magharibi kwa kufuata mwinuko tu, bila kuhitaji dira, hadi kwenye mgongo wa mlima, na mchana kurudi mashariki, kuteremka hadi kwenye majani chai, ambako Ndambuki angewangoja kwenye kibanda cha kupimia majani.

Mchana huo Mwelu alikaa mezani akishona pindo la sare ya Kavata, binti yao aliyekuwa shule ya bweni. Sindano ikamponyoka. Akaiinua sumaku ili aitafute, na alipoipitisha juu ya meza, ile dira kuukuu iliyoachwa pale ikageuka kwa ghafla, ng'ombe mwekundu akakimbia kutoka mlangoni. Mwelu akacheka. Akairudisha sumaku, ng'ombe akarudi. Akafanya hivyo tena, akicheza tu, mkono ukienda na kurudi, mpaka mkono wenyewe ukasimama.

Alitazama mkebe.

Alijiambia hapana. Kitu kizima cha dukani hakiwezi kuharibiwa na sumaku ya spika. Ili ajitulize akafanya jambo ambalo mtu mwenye akili iliyotulia asingelifanya. Aliichukua dira kuukuu akaibana wima juu ya sumaku, akaikandamiza kama ile nyingine ilivyokuwa imekandamizwa, akahesabu kimoyomoyo kama anayengoja chai ichemke. Kisha akatoka nayo mpaka pale kwenye tangi la maji, mbali na vyuma. Kilimambogo alikijua kilipo, jua linachomozea huko kila asubuhi. Akajigeuza polepole alivyofundishwa mpaka ng'ombe akaingia zizini.

Ng'ombe alikuwa anaangalia Nairobi. Kusini kabisa.

Akaketi kwenye ukingo wa tangi. Ule mzaha wa Kiilu pale mezani, moja Thika, ingine Nairobi, ukamrudia neno kwa neno, pamoja na kicheko chake. Haikuwa vyuma vya dirisha. Ilikuwa yeye. Mume wake alikuwa mlimani na kitu kilichoita kusini kaskazini, na akitaka kurudi mashariki kwa watu kingempeleka magharibi, ndani zaidi, kwa tembo na baridi. Na angekifuata. Angekifuata hata moyo ukipiga kelele, kwa sababu hivyo ndivyo alivyowafundisha watu wote, akiwemo mkewe.

Akapiga simu. Yule mwanamke wa kwenye mtambo akamwambia kwa sauti tamu kwamba mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa. Akampigia Lynn, akampigia Gachau, mwanamke ni yuleyule. Simu zote tatu zilikuwa ndani ya nailoni. Akaandika: Dira imegeuzwa na sumaku yangu. Nyekundu ni kusini. Usiifuate. Tiki moja ya kijivu ikatokea, ikabaki hivyo. Akaandika tena maneno yaleyale, kana kwamba ujumbe wa kwanza ulihitaji mwenzake wa kuusukuma.

Ndambuki ndiye aliyepokea.

"Wametoka?" Mwelu aliuliza.

"Bado, Mama Kavata. Huku ukungu imeshuka mpaka kwa barabara. Hata kibanda siioni na niko karibu nayo."

"Sikiza. Hiyo dira Kiilu ako nayo inaonyesha nyuma mbele. Niliiweka na sumaku. Wakitaka kurudi kwa majani chai itawaingiza msitu."

Kioo cha gari kilisikika kikishushwa.

"Sasa mimi nifanye nini?" Ndambuki aliuliza.

Macho ya Mwelu yalizunguka uani, kwenye kamba ya nguo, kwenye kuku, hayakupata kitu. "Piga honi," akasema. "Piga tu, usiwache."

Akasikia honi ikilia kule upande wa pili wa simu, ndefu, ya gari dogo. Ndipo akakumbuka Kilimambogo, na lile lori, na ule mkono uliovunjika. Alikuwa amemwagiza Ndambuki apige kitu kimoja ambacho Kiilu alikuwa ameapa hatakifuata tena maishani.

Ndambuki alijitahidi, hilo lisemwe. Alienda kuwaita walinzi wa msitu, wakaja wawili mpaka ukingoni, wakaita, wakapuliza filimbi zao, wakarudi wakitikisa vichwa. Mkubwa wao alizungumza na Mwelu kwa simu kwa upole uliomwogopesha kuliko ukali. Katika ukungu ule, alisema, mtu akiingia kwenye mianzi anaongeza idadi ya waliopotea. Wataingia kukipambazuka. Mwelu alijaribu kumkasirikia akashindwa, kwa sababu mtu huyo alikuwa anasema kweli.

Magdalene alikuja jioni na chupa ya chai, akaomba kwa sauti kubwa, akamaliza akimshika Mwelu mikono. "Kiilu anajua milima, usijali. Si mtoto."

"Hiyo ndiyo shida," Mwelu alisema. "Angekuwa hajui, angefuata honi."

Jumapili, wakati watu wa Mugutha walikuwa wakielekea kanisani, Mwelu alikuwa amesimama pale majani chai yanapoishia. Ukungu ulikuwa mzito, mweupe, umeketi juu ya mianzi bila haraka yoyote. Nyuma yake walisimama wachuma majani waliokuja kuona, wamejifunika mifuko ya nailoni begani. Walinzi walikuwa wameshaingia. Kila baada ya muda Ndambuki alinyoosha mkono ndani ya gari akabonyeza honi, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala.

Mwelu alimwomba mlinzi aliyebaki amruhusu aingie, hata hatua chache. Alikataa. Akamwomba tena kwa Kikamba, akidhani labda ni Mkamba mwenzake. Mlinzi alimjibu kwa Kiswahili kwamba ana watu watatu wa kutafuta, asimpe wa nne. Basi akasimama. Mikono yake, iliyozoea kushona pindo la suruali kabla hujapepesa jicho, haikuwa na kazi yoyote ya kufanya duniani.

Ndipo filimbi ikasikika. Mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu. Hiyo ilikuwa ishara ya Kiilu, aliwafundisha wote, na hakuna mlinzi aliyepuliza hivyo. Wachuma majani wakashangilia. Ndambuki akaegemea honi kwa mwili mzima. Mwelu akaanza kulia kwa mara ya kwanza tangu jana, akacheka hapohapo, akajipangusa kwa kanga. Alikuwa karibu. Alikuwa bonde moja tu ng'ambo, mianzi haikuwa imemruhusu kwenda mbali.

Walingoja. Filimbi ikalia tena, mara tatu. Mlinzi aliinamisha kichwa akasikiliza, na Mwelu akamwona akitaka kusema kitu, akaacha.

"Ni nini?" alimuuliza.

"Ngoja kwanza tusikie."

Hapo simu ikatetemeka mkononi mwa Mwelu. Alitazama. Ule ujumbe wa jana, na uliofuata, na wote aliokuwa ametuma kutwa na asubuhi, tiki moja moja za kijivu zilikuwa zinageuka mbili, kutoka juu hadi chini, mbele ya macho yake. Ujumbe wote ulikuwa umefika. Simu ya Kiilu ilikuwa imewashwa, ina mtandao, na maneno yamo ndani yake.

"Amepata," alisema. "Amepata message. Ndambuki, amepata, sasa atageuka." Akaufunika uso kwa viganja na kumshukuru Mungu kwa Kikamba, maneno yote ya mama yake yakimjia kwa pamoja.

Mianzi ikatikisika. Mmoja wa walinzi walioingia akatokea kwanza, nyuma yake Gachau akichechemea, na nyuma yao mtu aliyevaa jaketi la bluu la Kiilu. Mwelu alikuwa ameshaanza kukimbia. Alikuwa ameshafungua mikono. Mtu huyo aliinua kofia ya jaketi, naye alikuwa Lynn.

Begani Lynn alibeba begi la Kiilu. Kutoka ndani ya begi, ndani ya nailoni, simu ilikuwa ikilia milio mifupi, mmoja baada ya mwingine, haimalizi.

"Gachau aliziwasha tukikaribia, huko ndani hakuna network," Lynn alisema. Midomo ilikuwa inamtetemeka kwa baridi. "Mama Kavata, pole. Ako wapi? Si ametoka? Alisema anatangulia kuwaita watu."

Ndambuki ndiye aliyeuliza ilikuwaje, na Lynn akaeleza akiwa amesimama, chai ikimwagika kwenye kikombe alichopewa. Walilala chini ya mianzi. Asubuhi walisikia honi. Gachau akasema ile ni gari ya Ndambuki, na iko nyuma yao. Kiilu akawaambia ukungu unarusha sauti, honi ikiwa nyuma ya masikio basi barabara iko mbele. Dira nayo ilisema mbele.

"Nikamwambia, Kiilu, hebu tushuku hiyo kitu kidogo. Akasema ile ya zamani angeishuku." Lynn alitazama chini. "Hii akasema amepewa na wewe."

"Endelea," Mwelu alisema.

"Gachau akakataa kabisa, na mguu ilikuwa inamuuma. Kiilu hakukasirika. Alituambia tukae hapo, tusitembee, yeye atatoka kwa majani chai haraka arudi na watu. Akatuachia chakula yote na begi, ndiyo awe mwepesi. Hii jaketi alinivalisha mwenyewe, nilikuwa natetemeka. Alibaki na filimbi na dira. Alipopotea machoni tukaamua kufuata honi." Akaanza kulia. "Tulimuita. Alikuwa anatuambia tu kwa mbali tusiogope."

Filimbi ikalia. Mara tatu. Safari hii hata wachuma majani hawakushangilia, kwa sababu kila mtu alisikia kwamba imepungua, imekwenda mbali zaidi. Mlinzi aliyewatoa na yule aliyebaki walishageuka wakaingia kwenye mianzi, wanakimbia, na ukungu ukafunga nyuma yao kama mlango. Mwelu alijaribu kuita. Jina lilitoka dogo, likaenda hatua chache likakwama. Hata kama lingefika, angelisikia nyuma yake, na angejua la kufanya na sauti inayotoka nyuma.

Alimwona waziwazi akilini. Alimwona akiwa na shati tu, mvua ikimtiririka shingoni, ameishika dira kifuani kwa mikono miwili ili isitikisike, anageuza mwili wake wote polepole. Ng'ombe mwekundu yumo zizini. Ana haraka, kuna watu wawili wanamtegemea. Hana wasiwasi hata kidogo.

"Mama Kavata," Ndambuki aliita kutoka garini. Mkono wake ulikuwa juu ya usukani. "Nipige ama niwache?"

Mwelu aligeukia mianzi. Ndambuki akipiga, mume wake ataisikia nyuma na kuamini zaidi kwamba yuko kwenye njia sawa. Asipopiga, hatasikia chochote, atakuwa peke yake kabisa.

"Piga," alisema.

Ndambuki akapiga. Kule mbali filimbi ikajibu, mara tatu, kwa furaha, ikaendelea na safari yake.